Kitufe Kisichojua Hodi

Nikiri mwenyewe kabla hajanisemea mtu: niliwahi kukaa robo saa nzima nikibonyeza kitufe nilichokichora kwa mkono wangu, nikisubiri kifunguke.

Hakikuwa kitufe. Ilikuwa picha ya kitufe. Nilikuwa nimeihangaikia siku nne kwenye laptopu, nikaipa kijani kilichokolea kama majani ya maharage baada ya mvua, nikaiwekea kivuli chembamba chini ili ionekane imeinuka, kisha nikaituma kwenye simu yangu nione itakavyokaa kiganjani. Ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri mpaka mwenyewe nikasahau kwamba nimeichora. Nikaweka kidole penye neno "Endelea", nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikasema, mtandao wa Sumbawanga nao, upepo ukivuma kidogo tu unapeperuka. Nikazima simu, nikaiwasha. Mwisho nikatoka barazani, jambo ambalo silifanyi ovyo katika baridi ya mwezi wa sita, nikainua simu juu ya kichwa huku blanketi likiburuzika miguuni.

Binti wa duka la ng'ambo ya barabara alikuwa ananitazama.

"Kaka, unamwita nani huko juu?"

"Mtandao. Hiki kitufe kimegoma."

Akavuka, akaichukua simu, akaitazama. Akaweka vidole viwili juu ya kioo, akavitanua, na kitufe changu kikavimba pamoja na maneno yake na kivuli chake mpaka kioo chote kikawa kijani kitupu.

"Kaka, hii ni picha."

"Najua ni picha."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini?"

Jibu la swali hilo nalitafuta mpaka leo.

Kazi yangu ni kuchora. Nilimaliza kidato cha nne nikapata cheti ambacho mama alikiweka kwenye fremu, nadhani kwa sababu kioo cha fremu kinang'aa na mgeni hawezi kusoma alama vizuri. Nilianza na kadi za harusi na mabango ya kwaya, nikaja kuchora sura za programu za simu. Watu wa miji mikubwa wananitumia maelezo, nami nachora kioo baada ya kioo: hapa jina, hapa namba ya siri, hapa kitufe. Nikimaliza nawarudishia, nao wanawapa mafundi wanaoandika programu yenyewe. Nikawa dizaina. Neno hilo nililipenda sana. Yaliyotokea baada ya michoro kuondoka kwangu sikuyajua na sikuyauliza. Ni kazi inayonifaa kwa sababu haimlazimishi mtu kutoka nje, na mimi ni mtu wa ndani. Mtaani wananiita kuku wa kulalia. Nikionekana dukani mchana lazima atatokea mmoja wa kuuliza kama vifaranga vimeshatoka.

Lakini kile kitufe cha kijani hakikuwa cha mteja. Kilikuwa cha mama.

Mama anaishi Chala, peke yake tangu baba alipofariki, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga akaiacha bila dari. Ana presha. Zahanati walimpa vidonge, kimoja kila asubuhi, basi. Mwaka ule, mwezi wa tatu, alikunywa kimoja, akasahau kama amekunywa, akanywa kingine ili awe na uhakika, akachukua jembe akaenda shambani kuinua ntumba, yale matuta ya duara ambayo kwetu tunafukia nyasi ndani yake zioze, huku juu tumepanda maharage. Akaangukia katikati ya matuta. Aliyemkuta ni jirani yake, mama wa rika lake ambaye kati ya nyumba yake na ya kwetu pana ua wa mabua tu. Alimbeba mgongoni kama mtoto mpaka nyumbani, na nimeambiwa njia nzima alikuwa anamgombeza.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu, anakaa Namanyere. Kila Jumamosi alikuwa anapanda basi kwenda Chala kumwangalia mama, na mimi kila Jumamosi nilikuwa napiga simu kuuliza amemkutaje. Ndivyo tulivyogawana kazi. Mama alipoanguka, dada alisema neno moja na hakulirudia: msimu ujao wa kulima ukikuta mama bado anachanganya dawa, anahamia Namanyere, na nyumba ya Chala inafungwa. Yeye ndiye aliyekuwa na miguu katika familia yetu.

Mama hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mwanangu. Na ntumba zangu mtazipakia kwenye gari gani?" Kisha akanyamaza. Mama yangu akinyamaza, ujue mambo ni mazito.

Ndipo nikafungua mdomo. Nikasema nitamtengenezea kitu kwenye simu. Akishakunywa dawa atabonyeza, simu itamkumbukia, na akirudi mara ya pili itamwambia umeshakunywa. Na sisi wawili, dada na mimi, tutaona huku tuliko.

"Wewe?" dada akauliza. "Wewe si unachora tu?"

Kwa hiyo siku binti wa duka aliponiambia ile ni picha, hakujua amegusa kidonda cha miezi mitatu. Nilimweleza yote pale barazani, meno yakigongana kwa baridi. Alisikiliza, akaniuliza swali moja: "Mchoro wako utajuaje kama mama amekunywa?"

Yeye naye alikuwa dizaina wa namna yake. Familia yao ni Waislamu wa siku nyingi pale mjini, wenye duka la jumla na lori la mizigo, na lebo zote za dukani, za asali, za mchele, za mafuta ya alizeti, alikuwa anazichora yeye. Alikuwa amechoka kuchora vitu vilivyokaa kimya, akaanza kujifunza kuandika programu kwa masomo aliyopakua kwenye simu. Alikuwa amenitangulia masomo matatu, na masomo matatu yanatosha kumfanya mtu mwalimu. Baba yake aliweka sharti moja, kwamba tujifunzie dukani, kwenye kaunta, palipo na macho ya watu. Ndivyo laptopu mbili zilivyokuja kukaa kati ya mzani na ndoo ya mafuta. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye ile kaunta ni hatua ishirini na mbili. Kwa mtu kama mimi, hiyo ni safari ya kuagwa.

Somo la kwanza lilikuwa rahisi kulieleza. Unaandika maneno ya kuiambia simu kuna nini, halafu maneno ya kuiambia kinaonekanaje, halafu maneno ya kuiambia kikiguswa kifanye nini. Ya kwanza na ya pili niliyaelewa, maana ndiyo kazi yangu. Ya tatu ndiyo yaliyonitoa jasho. Katika kuchora, ukiweka kitu mahali kinakaa. Katika kuandika, unakiambia kitu kikae katikati nacho kinakimbilia pembeni, kwa sababu hukukiambia katikati ya nini. Nilikuwa nimezoea karatasi inayonitii. Sasa nilikuwa na kitu kinachofanya nilichosema, wala hakikujali nilichomaanisha.

"Kaka, kitufe chako kiko wapi?"

"Kilikuwepo sasa hivi."

"Subiri nimpimie mama huyu sukari, tukitafute."

Wateja nao walijifunza pamoja nasi. Mzee mmoja aliyekuwa anafuata tumbaku alikuwa akiingia tunampa shikamoo, anaitikia marahaba, halafu anauliza kama anayemuulizia mgonjwa: "Kimeamkaje leo?" Siku nyingine tulimwambia kimepotea, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akaondoka bila tumbaku yake.

Siku ya kwanza kitufe kilipoguswa kikageuka kutoka kijivu kuwa kijani, peke yake, kwa amri yangu, nilipiga ukelele ambao kuku wa kulalia hapigi. Nikampigia mama simu palepale.

"Mama! Nimekibonyeza kikageuka rangi!"

"Vizuri, baba. Umekula?"

Wiki iliyofuata niliipoteza kwenye kivuli. Sikuridhika na kivuli cha kitufe. Nilikilainisha, nikakisogeza, nikakipunguza, siku tatu. Binti alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alifunga laptopu yake.

"Kaka, hicho kivuli ndicho kinamnywesha mama dawa?"

Nikakifuta. Kiliniuma, lakini nikakifuta.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichokuwa kinanishinda. Kwa miaka yote mchoro haukuwahi kuniuliza swali. Ulikaa ukaniambia nimechora vizuri, nikauamini. Maandishi ya programu yalikuwa yanauliza kila saa. Akibonyeza mara mbili je? Akibonyeza mtandao haupo je? Akianza halafu kuku akaingia jikoni, akatoka kumfukuza, akarudi, akute nini? Lile la mtandao binti ndiye aliyelishikilia. "Huko Chala mtandao ukizimika, simu ikumbuke yenyewe kwanza, nyie mtajua baadaye. Mama asije akanywa mara mbili kwa sababu nyie hamjapata habari." Tukaandika hivyo. Ilituchukua siku nyingi na sukari nyingi ilipimwa katikati.

Mwezi wa nane nikaenda Chala. Nilimpelekea mama simu yangu ya zamani, yenye ufa kwenye pembe, nikiwa nimeondoa kila kitu juu ya kioo isipokuwa ile programu. Laptopu ilikuwa kwenye begi, nimeizungushia sweta.

Saa nne asubuhi mama alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akapangusa mikono kwenye kanga, akaipokea simu kwa mikono miwili. Jirani alikwishapita kwenye upenyo wa ua, akakaa na ungo wake wa maharage ya kuchambua ili asionekane amekuja kutazama. Nikawasha. Kioo kikaandika kwa herufi kubwa nilizozipigia hesabu kwa ajili ya macho ya mama: UMEKUNYWA DAWA LEO?

Mama akasoma polepole. Akaniangalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni simu, mama."

"Ameingia saa ngapi?"

"Nani?"

"Huyu anayeniuliza dawa. Hajabisha hodi, hajasalimia, ameingia tu ananiuliza dawa. Hata nesi wa zahanati, pamoja na haraka yake yote, huanza na shikamoo."

"Wa mjini hao," jirani akasema, bila kuinua macho kwenye maharage.

Nikawaza miezi yote ile. Rangi, herufi, kivuli. Hakuna mahali nilipoandika salamu. Mimi, niliyelelewa katika nyumba ambayo ukimpita mtu mzima bila kuinama na kupiga makofi taratibu unarudishwa ukaanze upya, nilikuwa nimetengeneza kitu kinachomvamia mama yangu asubuhi kama askari wa kodi.

"Basi bonyeza tu kwa leo, mama. Salamu nitaiweka."

Akaweka kidole gumba juu ya kitufe. Akakiacha hapohapo. Nikasubiri. Naye akasubiri, kidole bado kipo, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

"Toa kidole, mama. Unagusa, unatoa."

"Nitoeje kabla hajaitika?"

Alikuwa amekibonyeza kitufe kama anavyobisha mlango wa mtu. Ukibisha hukimbii, unasubiri uitikiwe. Na simu, kwa akili yake fupi, kidole kikikaa sana hudhani unataka kunakili maneno. Ikamletea orodha ya mambo ya kunakili. Mara ya pili haikusikia kabisa, kwa sababu gumba la mama limeshika jembe miaka hamsini na ngozi yake imekuwa ngumu na kavu kama ganda la boga.

Jirani akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mwenzangu, hata simu inakukataa. Kijana umekuja na kitu gani hiki?"

Zamani, yaani kabla ya kaunta ya duka, ningerudi Sumbawanga na aibu yangu nikachore upya kwa wiki mbili. Safari hii nilivuta kigoda, nikaweka laptopu magotini, nikaanza kubadilisha palepale jikoni, moshi ukinipofusha. Kama mama anabonyeza kwa kusubiri, basi kitufe kijifunze kusubiri. Nikaandika kwamba kidole kikikaa, kijani kianze kujaa kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kikombe, na kikijaa kabisa ndipo kiitike. Nikampa. Akabonyeza, akakiona kijani kinapanda, uso ukamfunguka.

"Eeh. Sasa huyu anajua mtu yuko mlangoni."

Ile ya ngozi kavu aliitatua mwenyewe. Kidonge lazima kinywewe na maji, na mama akishakunywa hupangusa mdomo wa kikombe kwa gumba. Gumba likabaki na unyevu kidogo tu, simu ikalisikia mara moja. Sikuandika chochote. Nilikaa nikamwangalia akifanya: kidonge, maji, gumba kwenye mdomo wa kikombe, gumba kwenye kioo. Katika madizaina wote waliowahi kuisifia kazi yangu, na mimi ndiye wa kwanza wao, hakuna aliyewahi kufikiria kitu kizuri kama kile.

Ikabaki salamu. Mama anasoma, lakini kwa kuhangaika, hivyo nikaamua simu imsalimie kwa sauti yangu. Nikatoka uani nikarekodi: "Shikamoo mama, umeamkaje?" Nikampigia binti wa duka nimsikilizishe. Akasikiliza, nyuma yake mtu anaulizia chumvi.

"Nzuri kaka. Ila mama yako anaamka na Kiswahili?"

Haamki na Kiswahili. Kiswahili anakivaa saa ya kwenda sokoni. Nikarudi nyuma ya nyumba nikarekodi tena kwa Kifipa changu kilichofifia, nikikosea, nikirudia, mbuzi wakinitazama. Mama aliposikia alijishika kifua akacheka mpaka machozi.

"Unakiongea kama padri aliyefika juzi."

"Nirekodi upya?"

"Thubutu! Usiiguse."

Tukajaribu yote pamoja. Simu ikasalimia. Mama akapiga makofi mawili mepesi, akaitikia, akaanza kueleza: ameamka salama, mgongo unauma kidogo upande wa kushoto, yule kuku mwekundu... Hapo simu ikamkatiza na swali la dawa. Nilikuwa nimeipangia sekunde nne.

Mama akanigeukia na uso ambao nilidhani niliuacha darasa la tatu. "Sijamaliza."

"Samahani, mama."

"Mtu akikuuliza umeamkaje, unamjibu. Kama hataki kujua asiulize."

Nikazifuta sekunde nne. Nikaandika kwamba simu ikishasalimia ikae kimya, isubiri, isiulize lolote mpaka mwenyewe ashike kitufe. Hata kama ni saa nzima. Hayo yakawa mabadiliko ya kumi na moja siku ile, na jirani alikuwa amemaliza kuchambua maharage zamani, anayachambua mara ya pili.

Nikarudi mjini. Tangu siku ile maisha yangu yakawa na saa mpya. Saa moja asubuhi simu ya mama inalia yenyewe kule Chala, naye akiifungua mimi naona alama ndogo kwamba imefunguliwa. Kisha nasubiri. Akishika kitufe, inakuja nukta ya kijani, kwangu na kwa dada. Nilikuwa naisubiri kitandani, blanketi mpaka puani, na ikija nasema kwa sauti, marahaba, ingawa hakuna aliyenipa shikamoo. Dada hakuwahi kuisifia ile nukta. Ila Jumamosi moja, alipokuwa na mitihani ya kusahihisha, hakwenda Chala, na kwa dada yangu hiyo ni hotuba ya shukrani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua. Mwanzoni kati ya kufungua na nukta zilipita dakika mbili tatu. Baadaye kumi. Ilipofika mwezi wa tisa ikawa nusu saa, wakati mwingine zaidi. Nikaipeleka habari hiyo kwenye kaunta ya duka. Tuliyapekua maandishi mstari kwa mstari, binti na mimi, tukitafuta kosa linaloichelewesha simu. Hatukuliona.

"Labda ana shida ya kushika," nikasema.

"Labda uende ukaone," akasema, akaendelea kukata lebo.

Sikwenda. Nilimpigia mama nikamuuliza kama simu inakwama. Akasema haikwami, tunaelewana vizuri, umekula?

Mwezi wa kumi, majembe yalipoanza kutolewa ndani, nukta haikuja. Siku ya kwanza nikasema mtandao. Ya pili nikapiga simu, haipatikani. Ya jirani nayo haipatikani. Ya tatu dada akaandika ujumbe wa maneno mawili: "Naenda kumchukua."

Nilitoka nyumbani nikiwa na viatu vya ndani. Sitii chumvi: binti wa duka aliniona nikipita mbio akadhani nyumba inaungua. Kwa kawaida safari yoyote najiandaa kwa siku mbili, siku moja ya kufunga begi na siku moja ya kujuta. Siku ile nilifika Chala bila begi. Njia nzima nilijiona nimemfanyia mama mchezo wa picha, kwamba tangu mwezi wa nane alikuwa anabonyeza kitu kilichokufa, nami nimemfanya aamini kipo hai.

Nilimkuta dada uani. Begi kubwa la mama lilikuwa wazi juu ya mkeka, kanga tano zimeshakunjwa ndani. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anapukuchua maharage ya mbegu, hasemi, na ule ukimya wake niliusikia tangu barabarani. Mnara wa simu ulikuwa umezimika, Chala nzima. Hilo nililijua baada ya kuuliza mtu wa kwanza.

"Siku tatu," dada akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nilikuwa nimezoea kumfikiria kama mtu asiyechoka. "Siku tatu sijui kama amekunywa moja au tano. Mimi siwezi hivi kila mwaka. Siwezi."

"Mama amekunywa," mama akasema.

"Umeshawahi kusema hivyo, mama. Mwezi wa tatu ulisema hivyo hivyo."

Nikaomba vidonge vihesabiwe. Dada akaleta ungo, akavimwaga, akavihesabu kimya kwa kidole, kama anavyohesabu madaftari. Vilitakiwa kubaki tisa. Akahesabu tena. Vilikuwa tisa. Kisha nikafungua simu ya mama, na ndani yake siku zote tatu zilikuwapo, zimeshikwa, kijani, kijani, kijani, zikisubiri mtandao urudi ndipo ziende. Siku ya pili ilikuwa na alama nyingine ndogo: mama alirudi saa tano kuuliza, simu ikamwambia umeshakunywa, akaondoka.

Dada akaishika ile simu muda mrefu. Akakaa chini kwenye mkeka, karibu na begi. Akatoa kanga ya kwanza, akaikunjua, akampa mama ajifunike magoti, ingawa jua lilikuwa kali. Kisha ya pili akairudisha ndani kwenye kamba yake, na ya tatu. Hakuna aliyesema mama anabaki. Mama alisema tu mbegu hizi zikiisha kupukuchuliwa kesho anataka mtu wa kumsaidia kuvunja ntumba za mwaka jana, na alipokuwa anasema alinitazama mimi.

Nilibaki na lile swali langu. Nikamwonyesha dada kwenye simu: imefunguliwa saa moja kamili, imeshikwa saa moja na dakika thelathini na sita. "Mama," nikasema, "nusu saa nzima hapa katikati huwa unafanya nini?"

Mama akageuzia uso kwenye maharage. Nyuma ya ua wa mabua mtu aliguna, sufuria ikashushwa chini kwa kishindo, na jirani akajibu kabla yake:

"Anaongea na wewe, unafikiri anafanya nini? Anakieleza kuku gani ametaga na nani kafiwa, hicho kitufe chako kinakaa kimya kama mwenyewe, na mimi ndiye ninayeitikia huku uani kila siku mpaka uji wangu unaungua."